Mtambo wa sayanaidi ukija jirani na kijiji chenu: cha kufanya, hatua kwa hatua

Asubuhi moja ya mwezi Machi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, mzee jirani yangu hapa Nzega, mkoani Tabora, alifungua zizi akapeleka mbuzi lamboni kama kawaida yake. Jua halijapanda, mbuzi 11 walikuwa wamelala ukingoni, miguu imekakamaa. Sote tulijua maji yametoka wapi. Mfereji wa mtambo wa kuchenjulia marudio, ule mchanga wa dhahabu uliokwisha kusagwa, ulikuwa umepasuka, na tope la kijivu lilikuwa limeshuka bondeni hadi lamboni, unaliona kwa macho.

Siku ya tatu akaja afisa kutoka wilayani. Kijana mwenye adabu. Alimwamkia mzee, akakaa naye chini ya mkwaju, akafungua faili lake na kuuliza: "Mzee wangu, kabla ya mtambo kuja lambo hili lilikuwaje? Mifugo ilishawahi kufa hapa? Kuna mahali mmeandika?" Tukatazamana. Mwenye mtambo yeye alikuwa na maandishi: barua ya kurasa mbili ikisema mbuzi huenda walikula majani yenye sumu. Sisi hatukuwa na hata mstari mmoja. Mzee hakulipwa kitu.

Wakati huo nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na lile swali la afisa sijalisahau. Haya ninayoandika ni majibu ambayo tulipaswa kuwa nayo siku ile. Nimeyapanga kwa hatua, ila ya tatu ndiyo moyo wa jambo lote; ukikosa muda, nenda moja kwa moja huko.

Kwanza ujue kinachofanyika ndani ya uzio

Wachimbaji wadogo hutoa mawe kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, huyasaga kwenye makarasha, kisha hunasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki hainasi yote. Mchanga unaobaki, yaani marudio, bado una dhahabu, na ndio unaonunuliwa na wenye mitambo. Marudio hujazwa kwenye vati, yale matangi makubwa ya zege, yakalowekwa siku kadhaa kwenye maji yenye sayanaidi. Sayanaidi huyeyusha dhahabu. Maji hayo hupitishwa kwenye kaboni, kaboni hushika dhahabu, halafu hupelekwa elusheni ili dhahabu itolewe. Kinachobaki ni tope, na tope hilo huenda bwawa la topesumu. Bwawa hilo ndilo jirani yenu wa kudumu, maana dhahabu itasafirishwa na mwenye mtambo atahama, lenyewe halihami.

Sayanaidi si kitu kigeni kabisa kwetu. Ni sumu ya jamii moja na ile ya mhogo mchungu, ambayo bibi zetu waliitoa kwa kuloweka na kuanika. Tofauti ni kiasi. Robo gramu tu ya sayanaidi ya sodiamu, uzito wa punje kama kumi za mchele, inaweza kumuua mtu mzima. Huufanya mwili ushindwe kuitumia oksijeni, ndiyo maana mgonjwa anahema kwa nguvu na bado anakufa kwa kukosa pumzi.

Ili sayanaidi itulie majini, mtambo lazima uweke chokaa ya kutosha, pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, ibaki juu ya 10. Chokaa ikipungua, sumu hupanda hewani ikiwa gesi. Mkiwa na kijana anayefanya kazi kule, swali la kwanza la kumwuliza ni hili: chokaa inapimwa mara ngapi kwa siku, na nani anaandika?

Kuna na zebaki. Sayanaidi ikikaa juani kwenye maji ya wazi huvunjika siku hadi siku, lakini zebaki haivunjiki. Marudio yaliyokwisha kupitia zebaki yakiwekewa sayanaidi, sehemu ya ile zebaki nayo huyeyuka na kuanza kusafiri na maji. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka nchi zikomeshe kuweka sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa kwanza. Waulizeni wenye mtambo swali hili mbele ya mkutano: zebaki mnaitoaje kabla ya kuloweka? Jibu lake, au ukimya wake, liandikwe.

Na kumbukeni maji yetu yanakwenda wapi. Mto Manonga unaingia Wembere, Wembere unaingia Ziwa Kitangiri, na mwisho wa safari ni Ziwa Eyasi. Hayafiki baharini. Kinachoingia kwenye bonde hili kinabaki humu humu.

Hatua ya kwanza: ulizeni karatasi kabla ya kukubali ardhi

Mwekezaji hufika kwa mwenyekiti kwanza, mara nyingi jioni, na mara nyingi kwa haraka. Msiikubali haraka hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo jambo lije mkutanoni, mbele ya kila mwenye miaka 18 na kuendelea, na muhtasari uandikwe.

Ombeni nakala za haya: leseni ya uchenjuaji kutoka Tume ya Madini, cheti cha mazingira kinachotolewa baada ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, inayosimamiwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, usajili wa kemikali kutoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali Na. 3 ya 2003. Na usajili wa mahali pa kazi kutoka OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Angalieni jina lililo kwenye kila karatasi na eneo lililotajwa. Si ajabu kukuta leseni ni ya mtu mwingine au ya kijiji kingine.

Kisha chukueni kamba mkapime. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Mita 60 ni chache kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Pimeni msimu wa mvua, lambo likiwa limejaa, kwa sababu Septemba maji yamerudi nyuma na kila kitu kinaonekana kiko mbali.

Hatua ya pili: mkutano wa wadau, na ile karatasi ya mahudhurio

Wataalamu wa TAM wanatakiwa kuwasikiliza watakaoathirika. Watakuja, mtakaa chini ya mti au darasani, watu watapewa soda, na karatasi ya mahudhurio itazungushwa. Hapo muwe macho. Karatasi ile huambatanishwa nyuma ya ripoti, na atakayeisoma ofisini ataona majina 70 na saini 70. Hatajua kwamba 50 kati yao walisimama kupinga mahali bwawa lilipopangwa.

Tulichojifunza ni kumweka katibu wetu wenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi aandike kila swali, nani kauliza, na jibu lililotolewa. Mwishoni asome kwa sauti, mwenyekiti na mtaalamu wasaini, kijiji kibaki na nakala. Na anayesaini mahudhurio aandike pembeni ya jina lake maneno mawili matatu: "napinga bwawa kuwa juu ya lambo", au "nimeomba uzio". Hakuna anayeweza kukukataza kuandika pembeni ya jina lako.

Akina mama wapewe nafasi ya kusema mapema, si mwishoni watu wakishaanza kuondoka. Wao ndio wanaojua kisima kipi kinatumika mwezi gani.

Hatua ya tatu: daftari la kabla

Nunueni madaftari mawili makubwa yenye jalada gumu. Andikeni kwa kalamu ya wino, kurasa ziwe na namba, karatasi isichanwe. Moja likae ofisi ya kijiji, la pili likae kwa mtu asiye na cheo, anayeaminika, awe mwalimu au mzee wa kanisa au wa msikiti. Kinachoandikwa kwenye moja kinakiliwa kwenye jingine kila Jumapili jioni.

Anzeni kuandika kabla mtambo haujawashwa, angalau msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Kama mtambo umeshaanza, anzeni leo. Daftari lililochelewa bado ni daftari.

Ukurasa wa maji. Orodhesheni kila kisima, lambo, bomba na kijito, pamoja na kaya zinazotumia. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria umefika Nzega, Igunga na Tabora, na umepunguza shida kubwa, lakini ng'ombe hanywi bombani, na vitongoji vingi bado vinachota kisimani. Kwa kila chanzo andikeni kila wiki: rangi, harufu, kina, na kama kuna vyura na samaki. Vyura ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Lambo lililokuwa na kelele za vyura kila usiku wa mvua, siku likikaa kimya, andika tarehe.

Ukurasa wa mifugo. Kila mnyama aliyekufa, wa nani, tarehe, alikuwa amekunywa wapi, alikuwa mgonjwa au la. Andikeni pia vifo vya kawaida, vya ndigana na vya ukame, bila kuficha. Daftari linaloonyesha kwamba mwaka uliopita walikufa mbuzi 4 tu kwa miezi 12 ndilo litakalozipa uzito maiti 11 za asubuhi moja. Hiki ndicho tulichokosa.

Ukurasa wa afya. Hapa mkae na mganga wa zahanati. Majina ya wagonjwa yasiandikwe kijijini. Hesabu tu, kwa mwezi: vipele, macho kuwasha, kutapika, mimba kuharibika.

Ukurasa wa bwawa la topesumu. Ombeni mwenye mtambo asimike nguzo yenye alama za rangi ndani ya bwawa, inayoonekana kutoka nje ya uzio, ili mwone maji yamebakiza nafasi gani hadi ukingo. Someni alama hiyo kila wiki, na kila siku kuanzia Novemba hadi Aprili. Sitanii kuhusu mvua. Tarehe 30 Januari 2000, huko Baia Mare, Romania, mvua na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa la mtambo wa dhahabu hadi ukingo ukakatika. Mita za ujazo 100,000 hivi za maji yenye sayanaidi zikaingia mitoni na kuua samaki hadi nchi jirani ya Hungaria. Na karibu zaidi, tarehe 7 Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za majirani zetu wa Shinyanga.

Mwisho, picha. Simu yenye kamera inatosha. Simama mahali palepale kila mwezi, kwenye jiwe au mti mliokubaliana, piga picha ya lambo na ya bwawa, na picha zitumwe kwenye simu nyingine mbili siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: jueni dalili

Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki ghubani kuanzia 1932 hadi 1968. Kabla watu hawajaeleweka wanaumwa nini, paka wa wavuvi walikuwa wakiyumba, wakizunguka na kufa, kwa sababu walikula samaki wale wale. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na bado utiririshaji uliendelea miaka 12 zaidi. Kwa hiyo mtazame mnyama kwanza.

Kwa sayanaidi, dalili ni za ghafla: ndege waliokufa kando ya bwawa, mifugo kuanguka muda mfupi baada ya kunywa, damu na fizi kuwa nyekundu kupita kawaida. Kwa binadamu ni kichwa kuuma ghafla, kizunguzungu, kuhema haraka, degedege, kuzimia. Watu husema ina harufu ya lozi chungu. Msitegemee pua, wengi hawaisikii kabisa.

Zebaki huja polepole: mikono kutetemeka, kusahau, watoto kuchelewa kukua kiakili. Wanaochoma zebaki kwenye jiko la nyumbani wanaivuta wao na watoto wao kabla hata mtambo haujafika, na hilo nalo tuambiane ukweli.

Jambo jingine la kuangalia ni mapipa. Pipa lililobeba sayanaidi halifai kuwekea maji, pombe wala mahindi, hata ukilisugua kwa mchanga mara saba. Nimeyaona yakiuzwa mnadani, yakiwa yamepakwa rangi mpya. Ukiliona, mjulishe mtendaji siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: siku ya tukio

Muda ni mfupi, na jua linafuta ushahidi kwa sababu sayanaidi inavunjika. Fanyeni hivi kwa mfuatano.

Pigeni mwano, kama tunavyofanya mwizi wa ng'ombe akionekana. Sungusungu wazuie watu na mifugo wasikaribie maji, wakisimama upande upepo unakotoka. Wachota maji wote wa bonde la chini wapigiwe simu.

Aliyezimia karibu na vati, au bondeni palipo na gesi, asifuatwe na mtu asiye na kinga. Wengi hufa wakijaribu kumtoa ndugu yao. Akishatolewa, avuliwe nguo, amwagiwe maji mengi, akimbizwe hospitali, na mtu atangulie kupiga simu aseme waziwazi "sumu ya sayanaidi", maana ipo dawa yake ya kuipunguza nguvu na si kila kituo kinayo. Msimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo. Sumu iliyo midomoni mwake itakuingia.

Mnyama aliyekufa asichunwe, asiliwe, asizikwe bado. Funikeni, wekeni kivulini, mwiteni afisa mifugo. Yeye ndiye atakayepasua, achukue sampuli ya yaliyomo tumboni na kuandika ripoti. Najua uchungu wa kuacha nyama ya mbuzi 11 ioze wakati watoto wana njaa. Lakini nyama hiyo ni sumu, na ndiyo shahidi wako.

Maji mliyochota kwenye chupa ya soda hayatasimama mbele ya sheria. Sampuli ya sayanaidi inatakiwa kuongezwa dawa ili isigeuke gesi, iwekwe gizani na kwenye ubaridi, na njia yote iandikwe nani kaishika. Kwa hiyo ombeni wataalamu waje saa hizo hizo: Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, iliyoko Singida, kwa upande wetu wa Manonga; walio Kaliua, Urambo na bonde lote la Malagarasi wao wako chini ya Bodi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyoko Kigoma. Wakati mnawasubiri, pigeni picha zenye saa, na muandike kila mtu aliyefika na saa aliyofika, mwenye mtambo pia.

Hatua ya sita: barua

Simu husahaulika. Siku hiyo hiyo andikeni barua, hata kwa mkono. Sisi tunatumia mfano huu:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. K.k. Mtendaji wa Kata. YAH: KUVUJA KWA MAJI YA MTAMBO NA VIFO VYA MIFUGO. Leo tarehe … saa … asubuhi, katika lambo la kitongoji cha …, mifugo … imekufa baada ya kunywa maji. Tope limeonekana kutoka upande wa mtambo ulio umbali wa mita … Kumbukumbu za kijiji (daftari, ukurasa … hadi …) zinaonyesha kwamba kabla ya leo … Tunaomba: (1) sampuli zichukuliwe leo, (2) mtambo usimamishwe hadi majibu yatoke, (3) kijiji kipewe nakala ya majibu. Kaya zinazotegemea lambo hili ni …"

Nakala ziende kwa Mkuu wa Wilaya, Afisa Madini Mkazi, ofisi ya kanda ya NEMC, Bodi ya Bonde na Mkemia Mkuu. Msitaje mnachohisi, tajeni mlichokiona. Kila ofisi igonge muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yenu. Bila muhuri, barua hiyo haikufika.

Hatua ya saba: kufuatilia

Majibu ya maabara hayaji yenyewe. Sheria ya Haki ya Kupata Habari Na. 6 ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni ombi kwa kutaja sheria hiyo, mhesabu siku kwenye daftari. NEMC ina mamlaka ya kutoa amri ya kusitisha uchafuzi na ya kurejesha mazingira katika hali yake. Mkikwama kote, sheria ya mazingira ya 2004 inampa mtu yeyote anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mahakamani kuidai. Wasioweza kulipa wakili watafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuwaelekeza.

Fidia ikitolewa, ilipwe mbele ya mkutano, kila kaya kwa jina lake. Msikubali bahasha ya usiku kwa mwenyekiti. Na msisaini karatasi inayosema "hatuna madai tena" kabla ya msimu mmoja wa mvua kupita.

Mtambo ukitaka kufunga

Wengi hudhani hatari imekwisha mashine zikizimwa. Nendeni na kamati ya mazingira ya kijiji siku za mwisho, mkiwa na daftari. Ulizeni: vati zitabomolewa au zitafukiwa, bwawa la topesumu litafunikwa kwa kitu gani, mapipa yanakwenda wapi na nani anayasafirisha, uzio utalindwa na nani, zebaki iliyomo kwenye tope ni kiasi gani. Ombeni mpango wa kufunga kwa maandishi, na mpige picha za mwisho kutoka kwenye lile jiwe lenu.

Hapa kwetu daftari sasa lina masika tatu. Desemba iliyopita nguzo ilionyesha maji yamebakiza shubiri mbili kufika ukingoni, mtendaji akapeleka barua asubuhi ileile pamoja na nakala za kurasa nne. Siku ya pili greda lilikuwa pale, ukingo ukapandishwa kabla ya mvua ya Jumamosi. Mzee mwenye mbuzi ndiye anayesoma nguzo siku za Jumatano.